Bakuli Jeupe

Mdogo wangu ana chongo. Jicho lake la kushoto limefunikwa na chamba cheupe, na ukimtazama kwa upande huo huoni mboni kabisa. Lilipotea mwaka 1971, katika kijiji kimoja cha Kishapu, Shinyanga, alipokuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa na miaka 12 na ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni, kwa hiyo nayakumbuka yote.

Surua iliingia kijijini mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekomaa. Chanjo ilikuwa haijatufikia. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Nyumba baada ya nyumba watoto walitoka vipele, wakavimba macho, wakakohoa usiku kucha. Bibi yetu alitoa masharti aliyoyapokea kwa waliomtangulia: mgonjwa wa surua afichwe gizani, asile nyama, asile mafuta, asinywe maziwa. Mdogo wangu naye alipougua akapewa uji mweupe. Siku ya tano alianza kuharisha. Siku ya nane macho hayakufunguka asubuhi, na jirani mmoja aliyesifika kwa dawa akaja na majani, akayafikicha kiganjani, akamkamulia maji yake macho yote mawili. Mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Tulifika zahanati baada ya kutembea tangu alfajiri. Mhudumu alimfunua kope, akanyamaza, kisha akamwambia mama, "Mmechelewa, mama." Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikuwa limelainika katikati na kutoboka.

Nyumbani tulisema surua imemla jicho. Wengine walinong'ona kwamba ni mkono wa mtu, yaani uchawi, wakamtaja bikizee mmoja aliyekuwa na macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Kila aliyekulia Usukumani anajua maneno ya namna hiyo yamewagharimu nini vikongwe wetu. Mama alikataa kuyasikiliza, na ninamshukuru hadi leo.

Miaka minane baadaye nilikwenda kusomea uuguzi. Siku moja mwalimu alibandika ukutani picha ya jicho la mtoto, jicho lenyewe la mdogo wangu, chamba kile kile. Chini ya picha hapakuandikwa surua peke yake. Paliandikwa pia vitamini A.

Jambo lililonikaa moyoni siku ile ni kwamba sisi hatukuwa na njaa. Mwaka ule wa surua pamba ilikuwa nzuri, ghala lilikuwa na mahindi na mtama, na tulikula tukashiba. Lakini nikiyarudisha mawazoni mabakuli yetu, naona rangi moja. Asubuhi uji mweupe. Mchana ugali mweupe na mtindi mweupe. Jioni michembe, vile viazi vitamu vilivyomenywa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juu ya jabali mpaka vikakauka, halafu vikapikwa. Navyo ni vyeupe, maana kiazi chetu cha asili ni cheupe ndani.

Msomaji atauliza: na ng'ombe je? Msukuma akose maziwa? Kiangazi ng'ombe wanakauka, na hata mvua zikiwepo maziwa yetu yalisukwa kwenye kibuyu. Siagi ilitolewa ikapikwa samli, samli ikapelekwa mnadani. Tulichobaki nacho ni mtindi uliotolewa mafuta. Vitamini A hukaa ndani ya mafuta. Iliondoka nyumbani ndani ya kopo la samli, ikarudi ikiwa shilingi za kununulia chumvi na kitambaa.

Niieleze vitamini yenyewe, kwa namna nilivyokuwa nikiwaeleza akina mama kwenye benchi la kliniki.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Ndani ya utando huo mna chembechembe za kuonea gizani, nazo hutengeneza rangi ya zambarau ambayo haiwezi kuundwa bila vitamini A. Mwanga hafifu ukiigusa, rangi hiyo huvunjika, ubongo ukapata habari kwamba pale pana mlango, pale pana kinu. Kisha rangi huundwa upya, na kila inapoundwa kiasi fulani cha vitamini hutumika. Akiba ikiisha, mtoto anaona vizuri mchana, lakini jua likizama anakuwa kama aliyefungwa kitambaa. Huo ndio upofu wa usiku, nao ni mwito wa kwanza.

Asipopata msaada, jicho huanza kukauka. Sehemu nyeupe hupoteza ule ung'avu wa unyevu, na upande wa karibu na sikio huota doa la povu, mfano wa mapovu ya sabuni yaliyokaukia kwenye beseni. Baadaye kioo cha mbele ya jicho nacho hukauka, kisha hulainika. Kikishalainika, kazi ni ya saa na siku chache tu. Kikitoboka hakirudi.

Jicho ni dirisha tu la kuonea yanayotokea mwilini. Ngozi zote laini za ndani zinahitaji vitamini hii: koo, njia ya hewa, mapafu, utumbo, njia ya mkojo. Ni kuta zenye unyevu zinazozuia vijidudu visipenye. Vitamini ikipungua, kuta hukauka na kupasuka, askari wa mwili nao wanalegea, na mtoto anakufa kwa kuhara au nimonia bila mtu yeyote kutaja vitamini. Ndiyo maana mtoto mwenye doa la povu jichoni ni mtoto aliye karibu na kaburi hata kama anacheza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka watoto kati ya 250,000 na 500,000 duniani hupofuka kwa upungufu huu, na nusu yao hufa katika miezi 12 baada ya kupoteza macho.

Surua inaingiaje? Mwili hutunza vitamini A kwenye ini, na ini lililojaa linaweza kumtosha mtoto kwa miezi. Surua ikija inaitumia akiba hiyo kwa pupa, na wakati huo huo kuhara kunazuia nyingine isiingie. Mtoto mwenye akiba hutikisika, akasimama. Mdogo wangu hakuwa na akiba. Ongeza masharti ya bibi, ongeza yale maji ya majani.

Ushahidi ulio wazi kuhusu jambo hili ulipatikana hapa hapa Tanzania. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, daktari Barclay na mtaalamu wa macho Allen Foster, wakishirikiana na Alfred Sommer wa Marekani, waliwafuatilia watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto tisa katika kila kumi walikuwa na vitamini A kidogo mno kwenye damu, ingawa wengi hawakuwa na dalili yoyote machoni. Watoto 88 walipewa vitamini A, na 92 walipewa matibabu ya kawaida ya wakati ule. Katika kundi la kwanza walikufa 6, la pili 12. Kwa walio chini ya miaka miwili, aliyekufa upande wa waliopewa vitamini ni mmoja, na upande wa pili ni saba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Mwaka uliotangulia, huyo huyo Sommer na wenzake walikuwa wameonyesha kule Aceh, Indonesia, kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa karibu theluthi moja kwenye vijiji vilivyogawiwa vitamini A. Wapo waliotilia shaka habari za Indonesia. Za Mvumi zilihusu watoto waliolala vitandani mbele ya macho ya madaktari, na baada ya hapo ikawa kanuni: mgonjwa wa surua apewe vitamini A siku ya kwanza, na tena siku ya pili. Ni kitu cha bei ndogo mno. Nimeshawapa mamia kwa mikono yangu, na sijawahi kufungua kichupa kile bila kumkumbuka mdogo wangu.

Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Kahama kwanza, kisha Geita. Mgodi wa zamani wa Geita wa enzi za mkoloni ulifungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, lakini huko sikukanyaga. Wangu walikuwa wachimbaji wadogo na wake zao: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na vijiji vya maturubai ambavyo majina yake yalidumu msimu mmoja.

Mtu akitoka Kishapu kwenda Rwamgasa anadhani ameikimbia njaa. Na kweli, pesa ipo. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema, jioni ile ile kuna nyama choma, kuna bia, kuna simu mpya. Wali unapikwa siku ya Jumanne kama sikukuu. Ila nenda kwenye turubai mama anapolala na watoto. Yeye ameamka kugonga mawe au kusubiri zamu ya karasha la kusagia mawe, hana shamba, hana hata mche wa mchicha mlangoni, na maji ananunua kwa ndoo. Asubuhi mtoto anapewa chai ya rangi na andazi. Mchana ugali wa sembe iliyokobolewa ikang'aa, na mchuzi wa maharage. Jioni ugali tena. Hata ile michembe ya bibi, na zile mboga za kukausha tulizoziita nsansa, zimebaki kijijini. Bakuli limebaki jeupe vile vile, sasa kwa bei ya juu.

Nyama ya maini inauzwa pale pale kwenye mabanda ya supu. Ini ndilo chakula chenye vitamini A nyingi kuliko vyote tunavyovijua, kwa sababu ng'ombe naye huhifadhi akiba yake humo. Kipande cha ukubwa wa kiberiti, mara moja kwa wiki, kinamtosha mtoto mdogo. Maini hayo yanaliwa na wanaume saa mbili asubuhi, na limao na pilipili, kabla ya kushuka shimoni. Nimewahi kusimama kwenye banda moja nikawaambia baba zangu na kaka zangu pale: kila mwenye mtoto afunge kipande kimoja kwenye karatasi apeleke nyumbani. Walinisikiliza kwa heshima. Wawili walifunga.

Nitasimulia jioni moja. Nilikuwa napita kwenye maturubai kuhesabu watoto, jua limezama, taa za jenereta hazijawashwa. Mama mmoja wa kwetu alikuwa anasonga ugali. Nikamwamkia, "Mwadila mayu." Akaitika, akanikaribisha kigoda. Mtoto wake wa kike, wa miaka mitatu hivi, alikuwa amekaa kwenye mkeka ametulia, mikono mapajani. Wenzake wanakimbizana nje.

"Huyu haendi kucheza?"

"Huyu jioni huwa mvivu, nesi. Mchana ni mtundu sana, lakini giza likiingia anakaa hapo hapo mpaka alale."

Nilichukua kikombe cha bati nikakiweka mbele yake, hatua mbili hivi. Nikamwambia, "Mwanangu, niletee kikombe." Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha akapiga magoti, akaanza kupapasa mkeka kwa viganja, polepole, kushoto, kulia, mpaka kidole kikagonga bati. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Ugali uliungua na hakuna aliyeugusa.

Nikawasha tochi. Kwenye weupe wa jicho la kulia, upande wa sikio, povu lilikuwepo, dogo kama punje ya ulezi. Asubuhi nilimpa kidonge chekundu, kesho yake cha pili, na baada ya wiki mbili cha tatu. Siku ya tatu mama yake alikuja zahanati mbio, nikadhani mtoto amezidiwa. Alikuja kuniambia kwamba jana usiku mtoto ameokota mwenyewe kijiko kilichoanguka.

Nimesema kidonge, ingawa wengi tunaita matone. Ni kifuko laini chenye mafuta ndani. Cha bluu ni cha watoto wa miezi 6 hadi 11, kina yuniti 100,000. Chekundu ni cha kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, kina 200,000. Tunakata ncha kwa mkasi safi, tunamkamulia mtoto mdomoni, basi. Tanzania hugawa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na wa kumi na mbili, pamoja na dawa za minyoo kwa waliotimiza mwaka. Mpangilio huo ulifungamanishwa na Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, na Siku ya Ukimwi Duniani, Desemba 1, ili watu wakumbuke. Nafasi ya miezi sita haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Akiba kwenye ini la mtoto mdogo haivuki hapo.

Watoto wa machimbo ndio wanaotuponyoka. Rashi, yaani habari ya dhahabu mpya, ikitangazwa, familia inahama usiku. Mwezi wa sita mtoto yuko Nyarugusu, mwezi wa kumi na mbili yuko Mwakitolyo, upande wa Shinyanga, na kadi yake ya kliniki imeloana na mvua au imebaki kwa jirani aliyehama naye. Kila kituo kinamhesabu kuwa ni wa kituo kingine. Mama asione haya kuja bila kadi. Na muuguzi mwenzangu unayesoma hapa, nakuomba: usimfukuze mama kwa ajili ya karatasi. Muulize vizuri amepata lini. Akiwa kweli amepita miezi sita, mpe, uandike kadi mpya.

Kwa mjamzito ni vingine. Vidonge hivi vikubwa si vyake, kwani vitamini A nyingi kwa mpigo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Yeye aipate sahanini. Akishajifungua, yale maziwa ya kwanza ya njano, ambayo nimesikia akina mama wakiyaita machafu na kuyakamua chini, yamejaa vitamini hii. Ni akiba ya kwanza ya ini la mwanawe.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini walikuwa na upungufu wa vitamini A, na asilimia 37 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Mtoto mmoja katika kila watatu. Wengi wao hawana doa wala upofu wa usiku. Wanaugua tu mara kwa mara, na sisi tunasema mtoto huyu ni dhaifu.

Kidonge ni cha kuokoa. Cha kuishi nacho ni chakula, na hapa nakirudia kiazi.

Kule Ukiriguru, Mwanza, kwenye kituo cha utafiti kinachojulikana kwa mbegu za pamba, watafiti walianza kuleta na kujaribu viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kati ya 2009 na 2012 mradi ulioitwa Marando Bora ulisambaza marando safi, yaani mashina ya kupandia, kwa wakulima wa Kanda ya Ziwa. Kituo cha Kimataifa cha Viazi ndicho kilichokuwa nyuma yake. Mwaka 2016 watafiti watatu wa kituo hicho, Maria Andrade, Jan Low na Mganda Robert Mwanga, pamoja na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kutia virutubishi ndani ya mbegu zenyewe. Aina ya Kabode inayolimwa sasa hapa kwetu imetoka kwenye mikono ya huyo Mwanga. Mtoto wa chini ya miaka mitano akila kiazi kimoja kidogo cha namna hiyo, gramu 125 hivi, mahitaji yake ya siku yametimia.

Wazee hawakukipokea mara moja, na walikuwa na hoja. Msukuma anapenda kiazi kikavu chenye unga, na baadhi ya aina za mwanzo zilikuwa na maji, zikilegea mdomoni kama boga. Watoto walivipenda siku ya kwanza. Kabode ilipokuja ilitupatanisha.

Shida iliyobaki ni michembe. Kiazi cha chungwa ukikianika jabalini kama tulivyozoea, jua na hewa vinaila ile karotini, na kikikaa ghalani miezi minne sehemu kubwa imekwisha. Anayetaka kukausha akate vyembamba, aanike kivulini penye upepo, ahifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga, na ale mapema. Mbegu nayo hufa kiangazi, maana marando hayavumilii miezi yetu mikavu. Njia niliyoifurahia ni ya mchanga: unachagua viazi vidogo visivyo na jeraha, unavifukia kwenye beseni la mchanga mkavu ndani ya nyumba, na wiki sita hadi nane kabla ya mvua unavipanda karibu na maji, unamwagilia, vinachipua. Mvua inakukuta una marando.

Kuna mengine yanayotuzunguka tukiyadharau. Matembele, mgagani, majani ya kunde, kisamvu, mchicha: yote yana karotini chini ya ule ukijani, ila yapikwe na kijiko cha mafuta au karanga za kusaga, kwa kuwa bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Dagaa wa ziwani anayeliwa mzima mzima, ini na macho yake, huchangia, ingawa jua la kuanikia humpunguzia. Yai. Papai lililoiva. Embe, ambalo Mungu ameliweka mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, wakati ghala limeanza kulia. Kwenye machimbo niliwafundisha akina mama kupanda matembele kwenye gunia la udongo mlangoni, wakimwagilia maji yaliyooshea vyombo. Udongo utoke mbali na mialo ya kuoshea dhahabu na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, kwa sababu ya zebaki. Hilo nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Mafuta yenyewe nayo yanaweza kubeba vitamini. Alizeti ya kawaida haina, lakini huongezewa, na kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye chakula ziligusa mafuta ya kula, unga wa ngano na wa mahindi. Miaka michache baadaye ulikuja mradi wa MASAVA, yaani Mafuta Asili ya Alizeti yenye Vitamini A, hapa Shinyanga na kule Manyara, uliofanywa na shirika la MEDA na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Uliwafuata wasindikaji wadogo ambao mafuta yao ndiyo yanayofika vijijini, na mnunuzi alipata punguzo kwa njia ya simu. Niliupenda kwa sababu haukumwambia mama abadili chakula. Lakini tazama mafuta yanavyouzwa barabarani, kwenye chupa nyeupe zilizopangwa mezani juani tangu asubuhi. Mwanga unaua vitamini A. Chagua chupa iliyokaa kivulini, na nyumbani iweke kabatini.

Nilistaafu mwaka 2019 nikarudi Kishapu. Mdogo wangu ni babu sasa. Mwaka juzi nilimpa marando ya Kabode, akayapanda kwa shingo upande, pembeni ya viazi vyake vyeupe. Mwaka huu amejenga banda la nyasi lisilo na kuta, karibu na jabali lile lile la mama, na chini yake ametandika turubai la michembe ya chungwa. Analalamika kwamba ya kivulini haivunjiki kwa mlio kama ya zamani. Wajukuu wanaiba mibichi kabla haijakauka, wanakimbia nayo mdomoni, naye anawakemea huku amegeuza kichwa kizima kushoto, kama anavyofanya tangu utoto, ili jicho la kulia lipate kuwaona wote.